Hesabu za wachumaji karafuu: jumlisha kwa namba, si kwa jina

Msimu wa karafuu hapa Pemba, mchumaji hulipwa kwa pishi, kipimo cha ujazo cha kupimia karafuu. Pishi moja ikipotea kwenye hesabu, limepotea jasho la mtu aliyepanda mkarafuu mrefu kuzifuata karafuu hizo. Ndiyo maana nawaomba wanaoshika hesabu hizi kwa Excel, programu ya kompyuta ya majedwali, waiheshimu kazi hii.

Kwa mashamba niliyoyashikia hesabu upande wa Wete, naona tabu haianzi kwenye fomula, inaanza kwenye jina. Kijiji kimoja kinaweza kuwa na akina Khamis Juma watatu, na mmoja wao leo kaandikwa Khamis, kesho Hamisi. Kwa Excel, hao watatu ni mtu mmoja, na huyo wa Khamis na Hamisi ni watu wawili. Hata nafasi tupu iliyobaki mwisho wa jina inatosha kuwatenga. Mpe kila mchumaji namba yake siku ya kwanza, isibadilike mpaka msimu umalizike.

Kisha, ndani ya faili la Excel, tenga karatasi (sheet). Moja iite Wachumaji: namba safu (column) A, jina safu B. Nyengine iite Chumo: tarehe, namba, shamba, pishi. Kila kipimo, yaani kila mara mchumaji anapopimiwa, na mstari wake. Halafu kwenye Wachumaji, safu C, mstari wa pili, andika:

=SUMIF(Chumo!B:B,A2,Chumo!D:D)

Yaani: pita safu B ya Chumo, kila ukiikuta namba iliyo A2, jumlisha pishi za safu D. Ivute chini hadi mchumaji wa mwisho.

Panapoumiza watu zaidi ni fedha walizotangulizwa. Wengi huziandika kwenye mstari uleule wa pishi. Mstari ukinakiliwa kwa kipimo cha pili, deni nalo linanakiliwa. Aliyechukua shilingi 20,000 anakatwa 40,000, naye hana pa kuonesha ushahidi. Deni liwe na karatasi yake, lijumlishwe kwa SUMIF yake, ndipo ulitoe kwenye pishi mara bei.

Kabla ya kumwita mtu kulipwa, linganisha jumla ya safu C na jumla ya safu D ya Chumo. Zikitofautiana, kuna namba iliyokosewa au mchumaji ambaye hakuandikishwa. Zikilingana, usilipe bado: pishi zilizoingia kama maandishi, SUM na SUMIF zote huziruka kimya. Andika =COUNT(Chumo!D:D), inayohesabu visanduku vyenye namba tu, na jawabu ilingane na idadi ya vipimo kwenye daftari la shambani.