Maswali ya Wasomaji: Wikendi Ndefu ya Wawili Jijini Nairobi

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mke wangu tunaishi Mombasa, na tangu tulipooana hatujapata kusafiri pamoja isipokuwa kwenda harusini na mazikoni. Mwaka huu Siku ya Madaraka, tarehe 1 Juni, inaangukia Jumatatu, nasi tumekata shauri kwenda Nairobi kwa treni kuanzia Ijumaa. Nimekwisha kuandika orodha ndefu ya mahali pa kutembelea, kuanzia mbuga ya wanyama hadi makumbusho, lakini mwenzangu anasema amechoka na kazi, na anachotaka ni kulala, kula vizuri na kutembea polepole. Tupange vipi ili sote wawili turidhike bila kumaliza akiba yetu?

JIBU: Ndugu yangu, nimeipitia orodha yako, na kwa heshima zote namuunga mkono mkeo. Nairobi si mji wa kukata huku na huku kwa siku moja, kwa kuwa ukitoka Karen kwenda Eastleigh siku yenye msongamano wa magari waweza kupoteza nusu ya asubuhi barabarani, tena ukilipia gari muda wote huo. Ugawe mji kwa pande zake, upande mmoja kwa siku, na kila siku iwe na mambo mawili tu yaliyopangwa.

Anza na tikiti. Wikendi ya sikukuu treni ya Mombasa hadi Nairobi, iitwayo Madaraka Express, hujaa mapema, kwa hiyo kata tikiti ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja, na ukumbuke kwamba vitambulisho vyenu vitahitajika. Fikeni stesheni ya Miritini saa nzima kabla ya safari au zaidi, kwa sababu kabla ya kuingia abiria hupanga mizigo yao chini kwa mstari na kurudi nyuma, ili mbwa wa polisi wapite wakiinusa mmoja baada ya mwingine, na shughuli hiyo haiharakishwi kwa ajili ya aliyechelewa. Treni ya alasiri ndiyo ninayowapendekezea, kwa kuwa huvuka Tsavo kabla ya jua kuzama, na aliyekaa dirishani mara nyingi huwaona ndovu waliogeuka wekundu kwa udongo wa huko.

Hapo tayari umepata sababu ya kuifuta mbuga katika orodha yako. Mbuga ya Taifa ya Nairobi ni ya ajabu, sikatai: ilianzishwa mwaka 1946, ina kilomita za mraba 117, na humo simba na vifaru huonekana huku maghorofa ya jiji yakiwa nyuma yao. Hata hivyo, faida yake kubwa iko alfajiri, nayo huhitaji gari la kukodi na kuamka gizani, mambo mawili ambayo mkeo na akiba yenu hawayahitaji.

Jumamosi, basi, mwacheni usingizi umalizike wenyewe, kisha mwende upande wa Lang'ata. Kituo cha Sheldrick cha kulelea ndovu yatima hupokea wageni kwa muda wa saa moja tu, kuanzia saa tano asubuhi, na ni lazima kuweka nafasi mapema. Watoto wa ndovu huja mbio kutoka kichakani, wakanywa maziwa kwa chupa kubwa zilizoshikwa na walezi wao, na wengine hugombana na mlezi chupa inapokwisha. Baada ya hapo si mbali hadi Kituo cha Twiga, ambako mtasimama juu ya jukwaa lililo sawa na vichwa vyao na kuwalisha kwa mkono.

Jumapili ibakizeni kwa ajili ya katikati ya mji, ambao siku hiyo hupungua kelele. Ninyi mliokuja kwa reli msiyakose Makumbusho ya Reli, yenye behewa ambamo mwaka 1900 afisa wa polisi Charles Ryall alishambuliwa na simba usiku, katika stesheni ya Kima, akiwa ndani ya behewa hilo akimvizia simba huyo huyo. Nguvu zikibaki, nendeni Makumbusho ya Taifa mkaone mifupa ya binadamu wa kale aitwaye Mvulana wa Turkana, iliyogunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984. Zisipobaki, msijilazimishe.

Kuhusu kula vizuri, wengi watawapeleka Soko la Kenyatta kwa nyama choma, na sina neno baya juu yake. Kwa watu wa Pwani, lakini, ningechagua Eastleigh jioni ya Jumapili: wali wa Kisomali unaoletwa na nyama ya mbuzi au ya ngamia na ndizi mbivu pembeni, ambayo huliwa pamoja na wali wenyewe, kisha chai ya maziwa. Mkeo akiona maduka ya vitambaa, jiandae kusubiri.

Mambo mawili madogo yatawaokoa. Nairobi iko juu ya mwinuko wa karibu mita 1,700, na Juni ndipo baridi inapoanza, kwa hiyo sweta moja kwa kila mtu si anasa. La pili, treni huishia Syokimau, nje ya mji, na teksi ikipitia barabara ya juu, ile Expressway, kuna ada ya kulipia. Kubalianeni na dereva kabla ya kupanda kama ada hiyo imo ndani ya nauli au la. Jumatatu msipange chochote ila kifungua kinywa kirefu na kuwahi treni ya kurudi.