Kabla Hujanunua RAM, Ichunguze Kadi ya Michoro

Siku chache baada ya harusi ya mdogo wangu, tulikusanyika nyumbani kwetu Katuba, hapa Lubumbashi, ili kutazama video ambayo binamu yetu alikuwa ameirekodi kwa simu yake mpya. Sauti ilikwenda vizuri, lakini picha ilikwama kila mara: mama alionekana ameinua kitambaa juu, hatikisiki, ilhali wimbo aliokuwa akiucheza ulikuwa umekwisha na mwingine umeanza. Feni ya kompyuta ilivuma kwa nguvu. Kesho yake nilikwenda mjini kuongeza RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, kwa ushauri wa fundi, na niliporudi kuifungua ile video haikuwa imebadilika hata kidogo.

Video huhifadhiwa ikiwa imebanwa. Picha nyingi haziandikwi nzima, bali yanaandikwa yale tu yanayozitofautisha na picha nyingine zilizo karibu nazo, na kompyuta hulazimika kuzijenga upya moja baada ya nyingine bila kuchelewa. Katika video ya 4K kila picha ina nukta 8,294,400, na picha kama 30 hupita katika sekunde moja. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ambayo imeundwa kwa kazi za kila namna, inaweza kuelemewa. Lakini kadi ya michoro, sehemu inayoshughulikia picha za skrini, hata ile ndogo iliyomo ndani ya prosesa yenyewe, huwa na sakiti iliyotengenezwa kwa kazi hiyo peke yake, nayo huifanya kwa umeme mdogo zaidi.

Katika VLC, programu ya kuchezea video, bonyeza Ctrl na P, ingia sehemu ya kodeki, yaani njia za kubana na kufumbua video, kisha uruhusu video ifumbuliwe (picha zake zijengwe upya) na maunzi, yaani ile sakiti ya kadi ya michoro, kwa njia ya kiotomatiki. Kwangu ilikuwa imezimwa. Nilipoiwasha, video zilizobanwa kwa kodeki ya H.264, ambazo zilikuwa zikila zaidi ya nusu ya nguvu za prosesa, hazikufikisha tena hata robo.

Ile ya harusi, hata hivyo, iliendelea kukwama, na nilipoteza siku mbili nikitafuta draiva mpya (programu inayoiendesha kadi) kabla ya kubonyeza Ctrl na J, ambapo VLC huonyesha kodeki ya video inayochezwa. Ilikuwa HEVC, kodeki mpya kuliko H.264. Kiwango hicho kilitoka mwaka 2013, na kadi yangu, Intel HD 4000, ni ya mwaka 2012; haina sakiti ya kukifumbua, wala hakuna draiva inayoweza kuiongeza. Nilichofanya ni kuigeuza video kwa HandBrake, programu ya kubadilisha video, iwe H.264 ya 1080p, yenye nukta chache kuliko 4K, kazi iliyochukua usiku mzima, huku nikiitunza nakala ya asili.

Kwa hiyo ukienda kununua kompyuta iliyokwisha kutumika, usiishie kuuliza ukubwa wa RAM. Uliza kizazi cha prosesa: Intel Core za kizazi cha saba kwa kawaida hufumbua HEVC na kodeki nyingine iitwayo VP9 kwa maunzi, ingawa hazifumbui hivyo AV1, kodeki iliyotoka mwaka 2018. Nenda na flashi yenye video ya simu yako, uicheze palepale dukani kwa betri bila chaja, halafu, katika Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc uone prosesa inafanya kazi kiasi gani. Umeme ukikatika jioni, prosesa iliyotulia ndiyo itakayokuwezesha kuimaliza video kabla ya betri kuisha.