Jibu: Koki ya jikoni haitoi maji, baridi ya Minneapolis, Marekani

Salaam ndugu. Kama koki ya jikoni imekauka tangu asubuhi na ya bafuni inatoa, basi bomba limeganda hapo hapo jikoni, hasa kama sinki liko ukuta wa nje. Kwanza tafuta ilipo valvu kuu ya kufungia maji ya nyumba; bomba lililopasuka hujionyesha barafu ikiyeyuka. Fungua koki, acha kabati la chini ya sinki wazi, upashe bomba kwa draya ya nywele ukianzia upande wa koki kurudi ukutani. Moto usithubutu, na jiko la mkaa ndani ndiyo kabisa, hewa yake inaua. Mimi usiku wa baridi kali naacha koki ikichuruzika kidogo ili bomba lisigande. Bili inapanda, lakini fundi wa huku ni ghali zaidi. Ukuta ukilowa, funga valvu umwite tu.