Historia ya Mtu Mweusi Haianzii Kwenye Meli ya Watumwa

Nimefundisha vijana historia kwa miaka mingi, na kila ninapopata kundi jipya huwa naanza na ombi moja: nitajieni Waafrika watatu walioishi kabla ya mwaka 1500. Wengi hukwama. Nikiwauliza habari za Columbus au Vasco da Gama, mikono inanyooshwa papo hapo. Vijana hawa si wavivu, wanarudisha walichofundishwa. Katika masomo yao Mwafrika huingia kwenye historia siku anapotiwa minyororo, hutoka siku bendera ya uhuru inapopandishwa, na muda wote huo wa katikati ni mtu wa kutendewa tu.

Kama wewe ni mzazi au mwalimu, au umeamua kujisomea upya ukubwani, kitu cha kwanza cha kubadilisha ni pale unapoanzia. Utumwa usiufiche wala usiupunguzie uchungu wake. Ila mtoto akutane na watu kwanza, ndipo akutane na unyama waliofanyiwa. Ajue kwamba Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331 na kuusifu mji ule kwa uzuri wake. Ajue kwamba Mansa Musa, mfalme wa Mali, alipita Cairo mwaka 1324 akielekea Makka, na kwamba Taharqa wa Kushi, ufalme wa kale wa Sudan, alikalia kiti cha mafarao wa Misri. Mtoto aliyekwisha kuyajua hayo akisoma habari za meli, ataona wazi ni watu gani waliporwa, na kutoka wapi.

Lakini usiishie kwa wafalme. Hapa ndipo wengi wetu tunaoipenda historia hii tunapopotea: tunajaza ukuta picha za mataji na piramidi, na kijana anabaki akiamini kwamba Mwafrika wa maana ni yule aliyekuwa na dhahabu. Mimi nimeona vijana wakizinduka zaidi kwa habari za mafundi. Somo langu ninalolipenda kuliko yote ni la Wahaya na chuma, magharibi mwa Ziwa Viktoria. Miaka ya 1970 wazee wa huko waliombwa na wanaakiolojia wajenge tena tanuri la kuyeyushia chuma, kazi iliyokuwa imeachwa kwa miongo mingi baada ya chuma cha bei nafuu kuletwa kutoka nje. Walichimba shimo, wakalijaza matete ya kinamasi yaliyochomwa, wakasimamisha kuta kwa udongo wa kichuguu. Mirija ya udongo hawakuiachia ukingoni, waliisukuma mpaka ndani ya tanuri. Kwa hiyo hewa iliyopulizwa na mivukuto ilikuwa imepata moto tayari kabla ya kufika kwenye makaa, na joto likapanda mno. Kilichopatikana kilikuwa na kaboni ya kutosha kuitwa chuma cha pua, yaani chuma kigumu, kile Waingereza wanachokiita steel. Mabaki ya matanuri yaliyofukuliwa katika eneo hilohilo yalionyesha ufundi wa namna hiyo uliotumika zaidi ya miaka 1,500 iliyopita.

Wachoreshe vijana tanuri lile. Waulize kwa nini mrija uingie ndani, kwa nini udongo uwe wa kichuguu. Somo la historia linageuka la fizikia na kemia, na walimu wake ni wazee waliokuwa wameutunza ujuzi kichwani. Wazee wa kwenu nao wana yao. Ukienda kuwasikiliza, andika jina la msimulizi, uulize yeye alisimuliwa na nani, kisha nenda kwa mzee mwingine usikie kama habari inalingana. Masimulizi ni ushahidi kamili, na kama ushahidi mwingine wowote yanataka kupimwa.

Zoezi jingine linataka penseli tu. Chukua sura ya kitabu cha shule kuhusu kugawanywa kwa Afrika, uzungushie jina la kila mtu anayeamua jambo. Mara nyingi utawapata Bismarck, Leopold, Rhodes na Stanley, huku Waafrika wakitajwa kwa jumla tu, kama makabila. Sasa ijaze sura hiyo. Mtie Menelik wa Pili, mfalme wa Ethiopia, na mkewe Taytu, waliolishinda jeshi la Italia pale Adwa tarehe 1 Machi 1896. Watie waliopigana na wakoloni: Samori Ture wa Afrika Magharibi, Yaa Asantewaa wa Ashanti na Kinjeketile wa Maji Maji. Watie pia machifu waliosaini mikataba na wafanyabiashara waliouza wenzao, kwa sababu mtu anayetenda anaweza kutenda maovu. Molefi Kete Asante, msomi wa Marekani, amekuwa akilisisitiza tangu mwaka 1980 wazo hili la kumwona Mwafrika kama mtendaji wa historia yake. Kwangu mimi halina maana kama tutachagua matendo yanayotupendeza peke yake.

Sasa niseme jambo ambalo huwa linaniletea ubishi. Tusidanganye kwa ajili ya Afrika. Kuna dai linalozunguka sana kwamba Aristotle aliiba falsafa yake kutoka maktaba ya Alexandria. Kijana aliponiletea dai hilo, nilimwomba atafute miaka. Mji wa Alexandria uliasisiwa mwaka 331 KK, Aristotle akafa mwaka 322 KK, na maktaba ile ni kazi ya wafalme wa ukoo wa Ptolemaio baada ya kifo chake. Alisononeka, na nilimwelewa, maana anaipenda Afrika kweli. Lakini dai moja la uongo linampa mpinzani sababu ya kuyatupa na yale kumi ya kweli.

Nikampa habari za mwanahistoria Cheikh Anta Diop. Mwaka 1974 UNESCO iliitisha mkutano Cairo kujadili asili ya watu wa Misri ya kale. Diop wa Senegal na Théophile Obenga wa Kongo walisema walikuwa watu weusi, na walifika na hoja za lugha, za sanamu, za maandishi ya kale na za ngozi za maiti zilizohifadhiwa. Si wote waliokubaliana nao, na mpaka leo wapo wasiokubali, lakini ripoti ya mkutano yenyewe iliandika kwamba si washiriki wote waliokuwa wamejiandaa kwa umakini kama wao wawili. Kijana akitaka mfano wa kuipigania Afrika, namwonyesha kazi hiyo.

Kuhusu Februari, mwezi ambao Marekani huadhimisha historia ya watu weusi, nitasema kidogo. Carter G. Woodson, mtoto wa watu waliowahi kuwa watumwa, aliyefanya kazi kwenye migodi ya makaa ya mawe kabla ya kupata shahada ya uzamivu (PhD) ya Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1912, alianzisha wiki ya historia ya watu weusi mwaka 1926 ili shule zionyeshe zilichojifunza mwaka mzima. Ukiwa na mwezi mmoja wa sherehe na kumi na moja ya kimya, umeigeuza kazi yake.

Vitabu vya kuanzia vipo. Juzuu 8 za historia ya Afrika zilizotokana na mradi ulioanzishwa na UNESCO mwaka 1964 zinasomeka bure kwenye intaneti. Ripoti ya ule mkutano wa Cairo imo katika juzuu ya pili, mwishoni mwa sura ya kwanza. Wape vijana wakubwa waisome wenyewe, wagawane pande, wabishane.