Daktari Anajibu: Mishipa ya Ubongo Iliyosokotana

SWALI: Shikamoo daktari. Mdogo wangu ana miaka 24. Alianguka kifafa mara mbili, akapigwa MRI, ikaonekana ana AVM (fundo la mishipa ya damu iliyosokotana) ya sentimita 2.5 upande wa kulia wa ubongo. Sasa wanataka kumpitisha mpira kinenani hadi shingoni ili wapige picha nyingine. MRI si imeshaonyesha tatizo? Tunaona kama tunalipia kipimo kilekile mara mbili.
*Dada mtu, Morogoro*

JIBU: Marahaba. Si kipimo kilekile. MRI imewaambia AVM ipo wapi na imegusa sehemu gani ya ubongo. Damu inaingilia mshipa gani, inatoka kupitia mshipa gani na kwa kasi gani, hayo haiyaonyeshi vizuri, na tiba inaamuliwa na hayo.

Kwa kawaida ateri (mishipa inayotoa damu moyoni) hugawanyika hadi kuwa kapilari (mishipa myembamba sana), na humo damu hupungua nguvu kabla ya kuingia kwenye vena (mishipa inayoirudisha moyoni). Kwenye AVM kapilari hazipo. Ateri zinamwaga damu moja kwa moja kwenye vena kupitia fundo la mishipa, na kuta za vena hazikuumbwa kubeba presha hiyo. Kati ya wagonjwa 100, takriban 2 hadi 4 huvuja damu kila mwaka.

Kipimo wanachotaka kumfanyia kinaitwa angiografia: ateri ya kinena au ya mkono hutobolewa kwa ganzi, kisha mpira wenye unene usiofika milimita 2 hupitishwa hadi shingoni. Dawa yenye ayodini inasukumwa huku mashine ikipiga picha kadhaa kwa sekunde, na kompyuta inafuta fuvu ili ibaki mishipa peke yake. AVM hujitambulisha hapo: vena inajaa dawa wakati ateri bado hazijamaliza kupitisha yao. Ateri zote zinazopeleka damu kichwani zipigwe, kulia na kushoto, mbele na nyuma. Ikirukwa moja, huenda hiyo ndiyo inayolisha fundo, na mpango wote unaharibika. Daktari hutafuta pia uvimbe wa ateri (aneurizimu) ndani au karibu na fundo, na vena iliyosinyaa njiani. Vyote viwili humtia wasiwasi wa kuvuja.

Kisha zinahesabiwa alama za Spetzler na Martin, za kupima ugumu wa upasuaji, zilizoanza kutumika mwaka 1986. Fundo chini ya sentimita 3 lina alama 1. Likikaa kwenye eneo la kusema, kuona au kusogeza viungo, inaongezwa 1. Damu ikitoka kupitia vena za ndani kabisa, 1 nyingine. Kwa hiyo mdogo wako anaweza kuwa na 1, 2 au 3. Kwa 1 au 2 upasuaji mara nyingi huenda vizuri. 3 inahitaji mjadala wa jopo la madaktari. Kuchagua tiba kabla ya kujua damu inatoka kupitia vena zipi ni kubahatisha.

Kiharusi cha kudumu kutokana na kipimo hiki hutokea kwa chini ya mgonjwa 1 kati ya 100. Apimwe kreatinini (kipimo cha damu cha figo) kwanza, aseme kama ana aleji ya dawa ya picha au anatumia metformin (dawa ya kisukari), na dawa za kifafa asiziache hata siku hiyo. Akitobolewa kinenani, atalala chali bila kukunja mguu kwa saa kadhaa. Eneo hilo likivimba au mguu ukipoa, amwite muuguzi mara moja.

SWALI: Mume wangu aliwekewa gundi ya kuziba mishipa kwenye AVM, sasa anapelekwa kwenye mionzi. Kwa nini hawakumaliza siku ileile?
*Mama wa watoto watatu, Tanga*

JIBU: Kwa sababu gundi ikivuka haraka na kuziba vena kabla fundo halijafungwa, damu inaendelea kuingia na haina pa kutokea. Fundo hupasuka. Ndiyo maana huwekwa kwa awamu, wiki kadhaa zikipita katikati. Na kuziba ateri peke yake bila kujaza fundo ni kazi bure, maana ateri za jirani huchukua nafasi yake.

Mionzi hupangwa kwa kuoanisha angiografia na MRI, na mara nyingi ukingo wa fundo hupewa Gray (kipimo cha mionzi) 18 hadi 25 kwa mkupuo mmoja. Gundi ya zamani huleta kivuli kwenye CT (picha ya eksirei ya kompyuta), hivyo wapeni picha zilizopigwa kabla ya gundi pia. Kuta za mishipa hunenepa polepole na kuziba baada ya miaka 2 hadi 3. Muda wote huo anaweza bado kuvuja: presha idhibitiwe, na kichwa kikimuuma ghafla kwa nguvu asingoje asubuhi. MRI ikionyesha fundo limetoweka, angiografia ya mwisho ndiyo inayothibitisha.

SWALI: Baba alivuja damu kichwani, lakini angiografia haikuona kitu. Amepona?
*Msomaji, Mombasa*

JIBU: Bado hatujui. Damu iliyoganda inaweza kukandamiza AVM ndogo isionekane. Ulizeni tarehe ya kurudia, kwa kawaida baada ya miezi 2 hadi 3 bonge likishayeyuka.