Mashine yangu inatoa nyuzi badala ya unga wa mbao, nifunge mota kubwa?

SWALI: Habari za kazi fundi. Mimi ni seremala, mabaki ya mbao yamejaa karakana mpaka pa kupita hamna, nikaunda mashine ya nyundo kama ile ya kusagia mahindi ili nipate unga wa mbao. Duara la nyundo ni sentimita 40, mota ya raundi 1450 kwa dakika nimeiunga moja kwa moja na shafti, chekecho la matundu ya milimita 6. Shida yake inatoa nyuzinyuzi, halafu muda si mrefu chekecho linaziba na mota inaanza kuunguruma. Wenzangu wanasema nifunge mota kubwa, ni kweli?

JIBU: Mota iache kwanza ndugu yangu, hela yako usiiguse. Kinachokusumbua ni mwendo wa nyundo. Kwa vipimo ulivyotoa, ncha ya nyundo inakwenda kama mita 30 kwa sekunde, na huo kwa mti ni mdogo. Punje ya mahindi ukiipiga inapasuka, lakini mti una nyuzi zilizolala kwa urefu, ukiupiga polepole unachanika tu, ndo hizo unazoziona. Tafuta mita 60 na kuendelea. Weka mkanda, puli ya mota sentimita 20 na ya shafti 10, hapo shafti inapata raundi 2900 na ncha inafika mita 60.

Ila hapa nakuomba sana uwe makini, maana mwendo ukiwa mara 2 nguvu inayovuta pini ya nyundo inakuwa mara 4. Nyundo ya kilo 1 ambayo uzito wake uko sentimita 17 toka katikati ya shafti itavuta pini kwa nguvu kama ya mzigo wa tani 1 na nusu na zaidi, sasa fikiria pini yenyewe umeichonga kwa nondo ya kuokota. Pima kila nyundo kwenye mizani, zinazotazamana zilingane uzito, la sivyo mashine itatetemeka mpaka beringi zife. Na bodi la mashine liwe la chuma kinene, bati jembamba hapana kabisa.

Mbao zako ni kavu? Chukua kipande cha gramu 1000, kikaushe kwenye oveni yenye nyuzijoto 103 za Selsiasi mpaka uzito usishuke tena. Kikibaki gramu 800, maji ni gramu 200 kwa 800, yaani asilimia 25, hiyo lazima izibe chekecho. Anika mpaka ishuke chini ya 15. Vipande virefu vikatwekatwe kwanza kwa mashine ya visu, vije kwenye nyundo vikiwa vidogo kama kucha ya dole gumba, na chini ya chekecho funga feni ya kunyonya, unga hauanguki wenyewe.

Kwenye mdomo wa mashine weka sumaku, msumari mmoja ukigonga nyundo unatoa cheche na vumbi la mbao likiwa hewani linalipuka. Barakoa nayo vaa kila siku, vumbi hili shirika la utafiti wa saratani la WHO limeliweka kwenye kundi la 1 la vinavyosababisha saratani.

Ukishabadilisha puli, lisha kidogo kidogo huku ukisoma ampea. Zikizidi zile zilizoandikwa kwenye kibati cha mota wakati mbao ni kavu na chekecho liko wazi, hapo ndo tuzungumzie mota.