Usiingie tangini kwa namba aliyopima mtu mwingine

Mdogo wangu, soma hapa kabla ya Alhamisi.

Umeuliza mengi: viatu gani ubebe, kama mshahara wa meli za mafuta unalingana na hatari yake, na meli zipi mzitaje mkikaa kuwakumbuka wenzetu tarehe 25 Juni, Siku ya Mabaharia. Halafu katikati umepitisha sentensi moja kama mtu anayesimulia hali ya hewa: Alhamisi mnashuka kwenye tangi la masalio, lile la maji machafu ya kuoshea matangi, kuzoa tope, chifu ofisa, msaidizi mkuu wa nahodha, amewaambia "limekaa wazi siku mbili, halina harufu, hewa nimeshapima mimi." Nimeirudia kuisoma mara tatu. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi mwaka 2009, na wenzangu wawili walishushwa bandarini wamefunikwa.

Tulikuwa tumeshapakua, meli inarudi tupu, bahari imelala. Kazi yenyewe ndogo: kuangalia bomba linalovuja ndani ya tangi la balasti, lile la maji ya bahari ya kuipa meli uzito ikiwa tupu. Tangi la balasti jamani, halijawahi kuonja mafuta. Maji ya bahari yalikuwemo, yakatolewa, basi. Ndiyo maana tulilidharau. Mimi nilipangiwa kukaa mlangoni na redio na fomu ya kibali. Fomu nilipewa ikiwa imeshajazwa, oksijeni asilimia 20.9, yaani kama hewa safi ya nje. Nikauliza nani kapima. Chifu ofisa akasema, "Mimi, asubuhi. Wewe tia sahihi tumalize kabla ya chakula."

Nikatia sahihi. Kipima gesi kilikuwa ofisini, hatua kama hamsini kutoka niliposimama. Sikwenda kukichukua. Sitalipamba hilo.

Pampumani, fundi wa pampu, akashuka. Nilikuwa naiona tochi yake ikiteremka ngazi kwa ngazi, inapotea nyuma ya mbavu za meli, inatokea tena. Ikafika chini ikatulia. Nikasubiri isogee. Ilikuwa inamulika pembe moja tu ya chuma, haitikisiki. Nikamwita kwenye redio, na sauti niliyoisikia ni yangu mwenyewe, inatoka kule chini kwenye redio yake, nikimwita jina lake. Mara ya pili, mara ya tatu, sauti yangu tu inapanda.

Serahangi, mkuu wa mabaharia wa deki, alikuwa karibu. Hao wawili walikuwa wamesafiri pamoja miaka na miaka, watoto wao wanajuana. Hakuuliza kitu. Nilimshika mkono wa ovaroli akauchomoa, akaingia bila mtungi wa hewa, bila kamba. Alifika jukwaa la pili. Nilimsikia akikohoa mara moja.

Na mimi nikaingia. Wadau wanaosema "mimi nisingeingia" sibishani nao, wasubiri siku wakiona tochi ya rafiki yao haisogei. Nilishuka vidato vitano, magoti yakalegea kama si yangu, na sikusikia maumivu yoyote. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo, kwamba haliumi. Kadeti mmoja, ofisa mwanafunzi, kijana wa rika lako, alinidaka kwenye ukosi akanivuta nje. Timu yenye mitungi ilipokuwa tayari kushuka, kwa wale wawili muda ulikuwa umekwisha.

Baadaye ndipo tulipojua hiyo 20.9 ilitoka wapi. Chifu ofisa aliinamisha mkono mlangoni, bila kushusha mpira wa kunyonyea hewa, akapima hewa ya juu ya deki. Kule chini kutu ilikuwa imefanya kazi yake. Chuma kikishika kutu kinameza oksijeni, na tangi likifungwa wiki kadhaa linabaki na hewa isiyonuka, isiyochoma koo, isiyo na rangi, na isiyomweka mtu hai. Oksijeni ikishuka chini ya asilimia 10 mtu anazimia. Ikishuka chini ya 6, pumzi mbili tatu zinatosha. Hupati muda wa kusema "nageuka."

Nina hasira na yule chifu ofisa, sitaficha. Zaidi ya yeye nina hasira na wale wa ofisi ya kampuni nchi kavu waliokuwa wanampigia simu kila saa kuuliza matangi yatakuwa tayari lini, kisha ripoti ikaandikwa "mabaharia hawakufuata utaratibu." Utaratibu upi? Fomu nilipewa imejaa! Mjane wa serahangi alipewa karatasi inayosema mumewe alikosea. Mtu aliyekufa akimfuata rafiki yake.

Sasa rudi kwenye tangi lako. "Halina harufu" isikutulize hata kidogo. Tangi la masalio linapokea maji machafu ya kuoshea matangi yote, na tope lake linaweza kufungia salfidi ya hidrojeni. Hiyo gesi ikiwa kidogo inanuka yai viza. Ikiwa nyingi inaua pua kwanza, husikii kitu tena, halafu inakuua wewe. Na tope likitulia, kipima kinaweza kuonyesha salama, ukichoma koleo la kwanza tu gesi ikafumuka. Kulala wazi siku mbili bila feni ya kusukuma hewa mpaka chini ni sawa na kufungua dirisha la juu ukidhani kisima kimekauka.

Kwa hiyo ukifika mlangoni, kipima kiwe mkononi mwako. Namba ya chifu ofisa, ya rafiki yako, hata yangu, usiingie nayo. Shusha mpira, pima juu, pima kati, pima chini kabisa. Unataka oksijeni 20.9 kila mahali, gesi inayowaka isizidi asilimia 1 ya kiwango cha chini cha kushika moto, salfidi ya hidrojeni isiwepo. Ukitoka kwenda kunywa chai, ukirudi unapima upya. Feni ikizima, wote nje. Unaposhuka, kipima kidogo kiwe kifuani kinasoma muda wote, na mtungi wa hewa na kamba viwe tayari pale mlangoni, siyo stoo.

Na mwenzako akianguka, usimfuate. Piga king'ora, ita timu, sukuma hewa ndani, ushikilie mlango kwa mwili wako asiingie mwingine. Nalisema nikiwa nimelivunja mwenyewe. Serahangi angekuwa hai.

Usiogope kuonekana msumbufu. Mimi mwaka 2009 ningeweza kuambiwa najidai. Wewe una sheria mkononi: tangu tarehe 1 Januari 2015 SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, unadai mazoezi ya kuingia na kuokoa kwenye nafasi zilizofungwa angalau mara moja kila miezi miwili, na tangu tarehe 1 Julai 2016 meli lazima ibebe vipima vya mkononi vya oksijeni, gesi zinazowaka, salfidi ya hidrojeni na monoksidi ya kaboni. Muulize chifu ofisa zoezi la mwisho lilifanyika lini. Angalia uso wake.

Umeandika unachoogopa ni moto tu, "yasitukute ya Sanchi." Naelewa. Januari 2018 ile meli iligongana na meli ya nafaka, CF Crystal, Bahari ya China Mashariki, ikiwa na tani zipatazo 136,000 za mafuta mepesi. Ilizama tarehe 14 baada ya kuungua zaidi ya wiki, na watu 32 wote wakapotea, Wairani 30 na Wabangladeshi wawili. Miili iliyopatikana ni mitatu. Watajeni. Mtajeni Betelgeuse pia, iliyolipuka usiku wa tarehe 8 Januari 1979 kwenye gati la Whiddy huko Bantry, Ayalandi, watu 50 wakafa. Ile haikugongwa na mtu. Ilikuwa imechakaa, ikapakuliwa vibaya, mgongo ukavunjika.

Lakini kama mna nafasi ya meli moja tu, itajeni Bow Mariner. Tarehe 28 Februari 2004, nje ya pwani ya Virginia, ilikuwa na watu 27. Nahodha aliamuru matangi 22 yaliyobaki na mvuke wa shehena ya awali yafunguliwe, mabaharia wakafungua kama walivyoambiwa. Mvuke ule mzito kuliko hewa ukatambaa juu ya deki mpaka ukapata cheche. Walionusurika ni 6. Niliposoma habari zake nilimwona yule chifu wetu na fomu yake iliyojaa. Mkubwa kasema, wadogo wakafungua.

Wale wawili wetu hawakupata jiwe la kumbukumbu popote, na hakuna gazeti lililowaandika, maana meli haikuungua na mafuta hayakumwagika. Tangi lilifungwa, safari ikaendelea. Kila tarehe 25 Juni mimi na yule kadeti, ambaye sasa ni nahodha, tunapigiana simu tunataja majina yao mawili, tunanyamaza kidogo, tunakata. Na kila tangi alilofungua tangu awe ofisa, anaandika kwa chaki kwenye mfuniko wa mlango: saa ya kupima, namba tatu, na jina la aliyepima. Asiyepima haandiki, na asiyeandika haingii.

Omba chaki Jumatano usiku. Ukishapima, rudi kwenye uzi huu uniandikie umepata ngapi juu, ngapi kati, ngapi chini. Nitakuwa macho.